Nadharia ya urubani mtandaoni: kipi kihamie huko, kipi kibaki darasani?

Kipanga

Wakuu, salaam. Nasimamia nadharia kwenye chuo kidogo cha urubani: ndege ndogo tatu za Cessna 172 (C172), wanafunzi wa PPL (leseni ya rubani binafsi) na CPL (leseni ya rubani wa biashara). Uongozi unataka nadharia yote ihamie mtandaoni, ili mwanafunzi wa Mwanza au Kigoma asome akiwa kwake na chuoni aje kuruka tu. Masomo gani yanafundishika kwa masafa na yapi yanagoma? Mamlaka ya usafiri wa anga watataka kuona nini? Mwenye intaneti ya kusuasua tunamfikiaje? Na simuleta ya nyumbani (programu ya kuigiza urushaji ndege kwenye kompyuta) tuipe nafasi gani? Naomba majibu ya kiutendaji.

MwalimuWaNadharia

Mkuu Kipanga, anza na mamlaka kabla hujalipia programu yoyote. Kibali cha chuo kimefungwa kwenye mwongozo wa mafunzo na taratibu ulioidhinishwa. Ukibadili namna ya kufundisha bila kuurekebisha mwongozo na kuidhinishiwa, mwanafunzi anaweza kufika hatua ya kuomba mtihani akaambiwa saa zake za nadharia hazitambuliki. Kwenye marekebisho onyesha kila somo lina saa ngapi za kujisomea, ngapi za darasa mubashara na ngapi za ana kwa ana. Mkufunzi wake ni nani. Mnahakikishaje kuwa aliyeko upande wa pili ndiye mwanafunzi mwenyewe. Na kumbukumbu zinatunzwa wapi. Ongeza na hili ambalo wengi hulisahau: mwanafunzi akikwama, anajibiwa ndani ya muda gani? Kozi za masafa hufia hapo. Mtu anakwama kwenye pembetatu ya upepo (mchoro wa kukokotoa upepo unavyoisukuma ndege) Jumatatu, anajibiwa Jumatatu inayofuata, na kufikia hapo ameshaliruka somo.

Pili, usihamishe asilimia mia. Ulaya, chini ya EASA (wakala wa usalama wa anga wa Umoja wa Ulaya), kozi ya masafa lazima iwe na kipande cha darasani kwa kila somo, na jumla ya darasa isipungue asilimia 10 ya kozi. Nadharia ya ATPL (leseni ya rubani wa ndege za mashirika) kwa wanaosoma hatua kwa hatua ni saa 650, kwa hiyo saa 65 ni za darasani. Hiyo si sheria yetu, ila ni pa kuanzia. Kwa PPL ningepanda hadi asilimia 20 au 25, maana anayeanza hajui hata aulize nini.

Sheria za anga, mifumo ya ndege na masuala ya mwili na akili ya rubani yanasomeka vizuri kwa masafa, mradi kila sura iishe na jaribio fupi. Yanayogoma ni navigesheni (kutafuta njia angani) na mahesabu ya uwezo wa ndege, kwa sababu ni kazi ya mikono: ramani, rula, kipimapembe, kikokotoo cha duara. Chukua kanuni ya moja kwa sitini: kila maili 1 pembeni baada ya maili 60 ni kosa la nyuzi 1. Mwanafunzi amesafiri maili 30, anajikuta maili 4 kushoto mwa mstari, na zimebaki maili 40. Kosa la njia ni nyuzi 8. Wengi wanageuza nyuzi 8 kulia na kuona wamemaliza, kumbe sasa wanaruka sambamba na mstari, bado maili 4 pembeni. Ili afike anapokwenda anahitaji nyuzi 6 nyingine, jumla 14. Mfumo wa mtandaoni utamwekea alama ya kosa tu, hautamwonyesha amekosea wapi. Kwa hiyo kila zoezi la navigesheni lije na picha ya karatasi na ramani, na mkufunzi asahihishe hatua, asiishie kwenye jibu.

DiraKaskazi

Naongezea, maana hapa vyuo vingi huteleza: vinanunua kozi ya Ulaya na kuipachika kama ilivyo. Maudhui yake ni mazuri, lakini yameandikwa kwa anga la kule. Ukitumia kozi ya nje, andika somo la nyongeza kwenye mambo haya.

Makosa ya dira wakati wa kugeuka. Kaskazini mwa dunia mwanafunzi hufundishwa kuwa akigeukia kaskazini asimamishe kona mapema, akigeukia kusini apitilize. Tanzania na Kenya zote ziko kusini mwa ikweta ya sumaku, kwa hiyo kanuni inageuka kinyume, ingawa kosa lenyewe ni dogo kuliko la Ulaya. Aliyekariri bila kuelewa mwinamo wa sumaku (jinsi sindano ya dira inavyovutwa kuelekea ardhini) atakosea angani.

Upepo na mgandamizo. Kule, ukiupa upepo mgongo, mgandamizo mdogo uko kushoto kwako. Kusini mwa ikweta uko kulia.

Hali ya hewa. Kozi ya Ulaya inatumia kurasa nyingi kwa mipaka ya hewa baridi na vuguvugu. Mwanafunzi wa Mwanza anahitaji zaidi kujua ukanda wa makutano ya pepo unavyopanda na kushuka na misimu ya mvua, na kwa nini ngurumo za Ziwa Victoria hukua usiku na alfajiri juu ya maji, lakini mchana na jioni huhamia nchi kavu.

Kimo cha msongamano wa hewa. Mifano mingi ya Ulaya iko karibu na usawa wa bahari. Mpe wa Wilson, Nairobi: uwanja uko futi 5,536, QNH (mgandamizo wa hewa uliorekebishwa hadi usawa wa bahari) 1020, joto nyuzi 25. Ondoa futi 30 kwa kila hektopaskali juu ya 1013, unapata kimo cha mgandamizo cha kama 5,330. Joto sanifu la kimo hicho ni nyuzi 4, kwa hiyo tofauti ni 21. Zidisha kwa 120, jumlisha: takriban futi 7,800. Ndege imesimama kwenye lami, lakini injini na mabawa yanafanya kazi kama ipo juu kiasi hicho. Kisha afungue kitabu cha C172 na asome umbali wa kupaa yeye mwenyewe. Hesabu hii ifanyike mubashara, mmoja mmoja, mpaka waifanye bila kuulizwa.

Kuhusu intaneti, video iwe ya mwisho kufikiriwa. Slaidi za PDF zenye sauti ya mkufunzi zinakula bando kidogo sana, na mtu anazipakua usiku akasoma kesho bila mtandao. Darasa mubashara lisizidi dakika 50, lirekodiwe, na kamera ielekee kwenye karatasi na kikokotoo. Uso wa mwalimu hauna cha kumfundisha.

FundiSimuleta

Simuleta ya nyumbani ipe kazi za taratibu: kufuata orodha za ukaguzi, kukamata mstari wa VOR (kituo cha redio cha kuongozea ndege) na kuufuata, kuzoea mpangilio wa mawasiliano ya redio. Mazoezi ya dakika 30 yenye lengo moja yanatosha. Saa zake zisiandikwe kwenye kitabu cha rubani. Kinachohesabika ni kifaa kilichothibitishwa na mamlaka, tena kwa kikomo.

Kutua waachie ndege. Kwenye skrini mtu hahisi ndege ikizama chini yake, na haoni pembeni mwa macho ardhi inavyopanda. Na kuna tabia mbaya tatu za kuwahi: kukodolea vyombo badala ya kutazama nje, kusawazisha ndege kwa kubonyeza kitufe bila kwanza kushika mkao wa ndege, na miguu iliyolala. Hiyo ya tatu inatokana na programu nyingi kuwasha usukani wa mkia unaojiendesha wenyewe. Mwambie auzime siku ya kwanza. Asipouzima, siku ya kupaa na C172 pua itavuta kushoto na hatajua kwa nini, maana hajawahi kukanyaga pedali ya kulia.

Kipanga

Asanteni sana wakuu. Limebaki moja: majaribio ya ndani. Wanafunzi wana benki za maswali kwenye simu, wanapata 95 lakini ukiwauliza kwa mdomo hawana kitu.

MwalimuWaNadharia

Majaribio ya sura yaache wazi, yasibebe alama. Mtihani wa chuo ufanyike chuoni, kwa karatasi, kabla hujasaini kuwa yuko tayari kwa mtihani wa mamlaka. Kwenye mahesabu badilisha namba kila awamu na utake aonyeshe njia.

Halafu igeni utaratibu wa Marekani. Mtihani wa maandishi wa PPL kule una maswali 60, kufaulu ni asilimia 70, na nadharia inaruhusiwa kusomwa nyumbani. Lakini ripoti ya matokeo inaorodhesha misimbo ya maeneo aliyokosea. Mkufunzi lazima amrudishe huko na athibitishe kwa saini, na mtahini wa mwisho humuuliza kwa mdomo hayo hayo. Wekeni msimbo kwenye kila swali, na kila anayefaulu afanyiwe dakika 20 za mdomo juu ya alichokosa. Kwa wa mbali, simu ya video inatosha: mwambie achore mzunguko wa uwanja mbele ya kamera na aeleze upepo ukibadilika atafanya nini.

DiraKaskazi

Na dakika hizo 20 ziingie kwenye mwongozo kama saa za mkufunzi zinazolipwa. Zisipolipwa, ndani ya muhula mmoja zitakuwa zimekufa.