Eti motokari yangu ni TELEFONE, haioshwi na maji!!!

Vumbi_la_Ruashi:
Niko ndani ya motokari yangu ya umeme saa hii, suruali imelowa, mikono inatetemeka. Jina sitaji. Munamujua. Kila mutu wa Lubumbashi aliyewahi kupeleka kitu chenye magurudumu kuoshwa anamujua: yule anayeita vijana wake kwa filimbi kama refa.

Jana nilitoka Kasumbalesa, karibu kilomita 90 nyuma ya malori. Vumbi lile jekundu la kiangazi munalijua. Motokari nyeupe ikawa kichuguu chenye vioo. Nikaamka mapema, maana jua likipanda sabuni inakaukia kwenye bodi na kuacha madoa. Saa moja niko pale, nyuma ya malori mawili ya mgodi.

Anazunguka motokari mara tatu. Anainama, anatafuta bomba la moshi. Halioni. Anapiga filimbi. Batu sita wamepiga magoti nyuma ya motokari yangu kama wako misa! Halafu anasimama, anajipangusa magoti, anasema kwa sauti iliyofika Likasi: "Papa, hii si motokari. Hii ni telefone. Umeona wapi telefone inaoshwa na maji?"

TELEFONE. Foleni nzima ikacheka. Shoferi wa lori alicheka mpaka akaegemea honi.

Nikamueleza kwa upole (sawa, nilipiga kelele kidogo): betri imefungwa chini, maji hayapiti. Mvua ya mwezi wa kwanza inatumwagikia kama karai limepinduka, na mimi natembea tu. Wewe hakikisha kifuniko cha tundu la kuchajia kimefungwa, pampu ya presha usiielekeze pale karibu, boneti usifungue ukamwaga maji ndani. Basi! Akasema bei ya telefone ni mara mbili, kwa sababu ya hatari. Nikalipa. Ndiyo, nililipa, musinicheke.

Kijana akavaa mifuko ya plastiki mikononi asipigwe na umeme. Akachukua kitambaa kilichotoka kupangusa lori la mgodi, mchanga wote ndani. KRRRRR. Mlango wa kushoto una mistari kama daftari la shule. Vishikio vya milango, vile vinavyojificha, akavichokonoa na kijiko. Kijiko kilikuwa bado na sombe!

Telefone! Kobalti, madini ya kutengeneza betri, inachimbwa Kolwezi, kama kilomita 300 kutoka hapa, dunia nzima inatembelea jasho letu, halafu mimi, hapa hapa Katanga, naambiwa telefone. Mbele ya batu.

Mwana_Katuba:
Inachajiwa? Ndiyo. Ina skrini? Ndiyo. Ikikauka chaji unatafuta jirani mwenye umeme? Ndiyo. Mukubwa, huyo bwana kakosea wapi?

Fundi_Kamalondo:
Kobalti gani? Motokari nyingi za umeme za Kichina, zile za bei ya chini, betri zake ni za chuma na fosfati. Kobalti haimo hata ya kupaka ukucha. Uliza kwanza yako ni ya aina gani ndipo uililie Kolwezi. Halafu ukitoka kuosha, tembea kidogo ukikanyaga breki. Hizo zinapunguza mwendo kwa moteri, diski hazisuguliwi sana, zikibaki na maji zinashika kutu.

Vumbi_la_Ruashi:
Sikuomba darasa. Nimeitwa mwenye telefone!!

Jivu_la_Goma:
Vumbi jekundu ni unga wa mtoto. Njoo Goma upanguse vumbi jeusi la lava ya Nyiragongo kikavu, utaona msasa ni nini. Huku tunamwaga maji kwanza, mengi, ndipo kitambaa kiguse.

Mwana_Katuba:
Batu ya Goma, kila uzi lazima mulete volkeno. Juzi tulikuwa tunaongelea mkate.

Mama_Bukari:
Munaosha vyuma! Huku kwetu siku ya nne bomba linatoa upepo. Nimeosha batoto kwa ndoo moja, na maji yake nimeoshea sakafu.

Yaya_Kampemba:
Mimi nauliza kitu kimoja. Na umeme unavyokatika, huyu anachajia wapi?

Vumbi_la_Ruashi:
Nyumbani.

Yaya_Kampemba:
Umeme ukikatika?

Vumbi_la_Ruashi:
Kuna jenereta.

Mwana_Katuba:
MOTOKARI YA UMEME INAKUNYWA MAZUTI. Bomba la moshi limepatikana, jamani, liko nyuma ya nyumba! Muiteni bwana wa filimbi.

Fundi_Kamalondo:
🤣🤣 Vijana sita wamepiga magoti bure.

Vumbi_la_Ruashi:
Ni ya usiku tu! Na mlango wangu??

Mama_Bukari:
Mlango utapakwa rangi. Mimi nina shida na yule wa cherehani. Munamujua, wa kibanda cha kijani. Nilimupa kitenge cha ndoa ya mdogo wangu. Ndoa imepita, mdogo wangu ana mimba ya miezi sita, kitenge bado "kinakatwa".

Yaya_Kampemba:
Wa kijani, anayeweka pini mdomoni ili asijibu? Ana changu tangu Krismasi!

Bibi_Likasi:
Changu alinishonea. Mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi. Akaniambia niwe nabeba mufuko upande ule mrefu.

Mama_Bukari:
Na mabaki hakukurudishia, sivyo? Mabaki yangu niliyaona Jumapili kanisani. Mtoto wake amevaa kaptula.