Naomba ushauri: kutembea usiku msitu wa Amani na mtoto wa miaka 9

Wakuu, habari zenu. Mungu akijalia, nataka kumpeleka binti yangu Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, kule Muheza, tutembee usiku na mwongozaji. Mtoto anapenda vinyonga kupita maelezo. Usambara Mashariki wapo wale wenye pembe tatu, na usiku ndio rahisi kuwaona: kinyonga akilala kwenye kijitawi rangi yake hupauka, ukimmulika na tochi anaonekana wazi kabisa kati ya majani. Mchana unampita karibu kabisa na humwoni.

Kinachonisumbua ni wakati. Shule zinafungwa Desemba, vuli ikiwa bado haijaisha. Mvua inaamsha vyura, nao nawataka sana, ila vijia vinateleza na ile barabara ya kupanda kutoka Muheza siiamini kwa gari dogo. Je, nisubiri Juni? Hapo najua kutakuwa na baridi, na binti ana pumu.

Jambo jingine, nyoka na siafu. Mabuti ya mvua yanatosha, au kuna zaidi? Bibi yake amekataa katakata, anasema msitu wa usiku si wa mtoto, na sitaki kumpuuza mama yangu bila hoja ya maana.

Aliyewahi kwenda na mtoto wa umri huo naomba anieleze: mlitembea muda gani, na mwongozaji alikubali kurudi mapema mtoto alipochoka? Nitashukuru sana.