Seva ya barua pepe ya majaribio: aiosmtpd, MailCatcher, Mailpit au smtp-sink?

FundiUyole (Mbeya)

Ndugu zangu, habari za kazi. Tunajenga mfumo wa kupokelea kahawa kwa ajili ya vyama vya ushirika vya huku Mbozi. Kila jioni, mizani ikishafungwa, mfumo humtumia katibu wa kila AMCOS (chama cha ushirika cha mazao) barua pepe yenye jumla ya kilo zilizopokelewa siku hiyo. Nahitaji seva ya majaribio itakayopokea barua hizo zote bila kuiachia hata moja itoke nje, kwa sababu anwani tulizopewa ni za makatibu halisi, na kilo za kubuni zikiwafikia zitazua ugomvi ghalani. Tunatumia kompyuta moja ya pamoja ofisini, na umeme hukatika bila taarifa. MailHog, seva nyingine ya aina hii, nimeiweka kando, maana toleo lake la mwisho ni la mwaka 2020. Naomba mnilinganishie zilizobaki, hasa machaguo yanayoandikwa kwenye terminali.

MwalimuIringa

Ndugu Fundi, kama anayejaribu ni mtu mmoja kwenye kompyuta yake, aiosmtpd, iliyoandikwa kwa Python, inatosha:

`python3 -m aiosmtpd -n -l localhost:1025`

Chaguo `-n` ndilo linalowasumbua wanafunzi wangu. Usipoliweka, programu hujaribu kujivisha utambulisho wa mtumiaji aitwaye nobody, jambo ambalo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kulifanya, na hapo hapo inagoma kuanza. Chaguo `-l` hutaja anwani na poti. Usipolitaja, itasikiliza kwenye localhost kwa poti ya 8025. Maelekezo mengi ya zamani bado yanataja moduli ya smtpd, lakini moduli hiyo iliondolewa kuanzia Python 3.12, kwa hiyo usipoteze muda nayo.

Udhaifu wake ni kwamba barua humwagwa kwenye terminali jinsi ilivyosafiri. Kichwa cha barua chenye neno "ng’ambo", likiwa limeandikwa kwa ile alama iliyopinda ambayo simu nyingi huiweka zenyewe, kinaweza kukujia kama `=?utf-8?q?ng=E2=80=99ambo?=`. Hilo si kosa la mfumo wako, ila kwa anayetaka kuona kile atakachokisoma katibu, ni kazi ngumu.

MwanaTukuyu

MailCatcher ina jambo moja ninalolipenda: isipoambiwa vinginevyo husikiliza kwenye 127.0.0.1 pekee, barua kwa poti ya 1025 na kurasa kwa poti ya 1080. Ukitaka wenzako waifikie unaongeza `--ip`. Pia hujificha nyuma mara inapoanza, hivyo ukiiendesha kwa systemd (msimamizi wa huduma za Linux) weka `--foreground`. Hata hivyo barua zake hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, na umeme ukikatika zimekwenda. Kwa maelezo yako, Fundi, haikufai.

DadaWaForest

Nakubaliana na Tukuyu, na ndiyo sababu nakushauri Mailpit. Ni faili moja tu linalojitegemea, unaweza kulipakua sehemu yenye intaneti nzuri ukalileta ofisini kwa flashi, bila Ruby wala Java. Kwa ofisi yenu ningeandika hivi, nikichukulia 192.168.1.20 ndiyo anwani ya kompyuta ya pamoja:

`mailpit --smtp 192.168.1.20:1025 --listen 192.168.1.20:8025 --database /srv/mailpit/barua.db --max 2000 --ui-auth-file /srv/mailpit/watumiaji`

Chaguo `--database` ndilo la kwanza kulizingatia. Usipoliweka, Mailpit huhifadhi barua kwenye faili la muda ambalo hufutwa programu inaposimama. Ukiliweka, barua hubaki kwenye hifadhidata ya SQLite. Halafu kuna `--max`: kwa kawaida hutunzwa barua 500 na za zamani hufutwa, kiasi ambacho ni kidogo iwapo mnajaribu msimu mzima kwa mkupuo.

Anwani za kusikiliza nimezitaja waziwazi kwa makusudi, kwa sababu Mailpit ikiachwa ilivyo husikiliza kwenye kila mlango wa mtandao wa kompyuta, na mgeni yeyote aliyeunganishwa na Wi-Fi ya ofisi angeweza kufungua kurasa na kusoma anwani za makatibu. Faili la `--ui-auth-file` lina jina na nenosiri la kila anayeruhusiwa kuziona.

Ikiwa mfumo wenu hulazimisha jina na nenosiri kabla ya kutuma, ongeza `--smtp-auth-accept-any` pamoja na `--smtp-auth-allow-insecure`. La kwanza hukubali nenosiri lolote, na la pili huruhusu liletwe bila TLS, yaani bila kufichwa njiani. Yaishie kwenye majaribio tu.

FundiSimike

Dada amemaliza upande wa kupokea. Mimi naomba tuangalie upande wa kukataa, kwa sababu seva zote zilizotajwa, zikiendeshwa hivyo, hupokea kila kitu, na mfumo unaozoea kupokelewa haujulikani utafanya nini siku utakapokataliwa. Kwa hilo naitegemea smtp-sink, inayokuja na seva ya barua iitwayo Postfix:

`smtp-sink -v -r rcpt localhost:2525 100`

Hapa `-r` huikataa amri ya RCPT (inayomtaja mpokeaji) kwa kosa la muda, yaani namba zinazoanza na 4, na mfumo unapaswa kuiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena baadaye. Badala yake ukiandika `-f rcpt`, kosa ni la kudumu, namba zinazoanza na 5, na mfumo unapaswa kuacha na kumjulisha msimamizi. Mifumo mingi ninayoombwa niikague huyachanganya haya mawili: ama huitupa barua ambayo ingepokelewa baada ya muda mfupi, ama hurudia bila kikomo kuipeleka kwa anwani isiyokuwepo. RFC 5321, waraka wa kanuni za SMTP, yaani itifaki ya kutuma barua pepe, inapendekeza angalau dakika 30 kati ya jaribio na jaribio, na kutokata tamaa kabla ya siku 4 au 5. Chaguo `-w 20` huchelewesha jibu la amri ya DATA (inayotangulia barua yenyewe) kwa sekunde 20, na hapo utaona kama mfumo wako huvumilia mtandao wa polepole au hukata na kutuma barua ileile mara mbili. Ile 100 ya mwisho ni urefu wa foleni ya miunganisho inayosubiri, na ni lazima iandikwe.

Mailpit nayo ina `--enable-chaos`, lakini makosa yake hutokea kwa bahati, kwa asilimia unayopanga. Ninapotafuta chanzo cha kosa nataka seva ikatae kila mara.

Tahadhari: kwenye Debian na Ubuntu, kuiweka Postfix huweza kuwasha seva halisi ya barua. Ukiulizwa wakati wa kuiweka, chagua isisanidiwe, kisha hakikisha imezimwa:

`sudo systemctl disable --now postfix`

FundiUyole (Mbeya)

Nashukuru sana, wakuu. Mailpit itakaa kwenye kompyuta ya pamoja kama alivyoandika Dada, na smtp-sink nitaiweka kwenye kompyuta yangu kwa poti ya 2525. Je, kuna namna ya kutuma barua ya kujaribia bila kuuwasha mfumo wote?

MwalimuIringa

Ipo, tumia swaks, programu ya kutuma barua za majaribio kutoka terminali:

`swaks --server 192.168.1.20:1025 --from mizani@ghala.test --to katibu@amcos.test --header "Subject: Jumla ya kilo"`

Na kabla ya jaribio lolote, badilisheni anwani zote za makatibu kwenye nakala ya majaribio ziishie na `.test`. RFC 2606 ya mwaka 1999 iliitenga ncha hiyo kwa ajili ya majaribio, hivyo hata mtu akikosea poti na barua ikafika kwenye seva halisi, haitakuwa na pa kwenda.