Presha kuka, raisi kuka au jiko la indaksheni? Nina laki tatu na Luku ya kuchangia

Neema_Kimara

Habari za jioni wapendwa. Naombeni ushauri kabla sijashuka Kariakoo Jumamosi.

Tuko wanne, mimi, mume wangu na watoto wawili, tumepanga chumba na sebule Kimara. Napikia gesi ya mtungi mdogo, ila maharage na makande nayapeleka kwenye mkaa kwa sababu gesi ingeisha wiki mbili. Kibaraza ni cha wapangaji wote, na moshi wangu unaingia moja kwa moja kwa jirani mwenye mtoto mchanga. Hajawahi kuniambia neno, lakini nasikia mtoto anavyokohoa na roho inaniuma. Nataka kuachana na mkaa kabisa.

Nimejibana nimefikisha laki tatu. Nilivyoviangalia ni presha kuka ya umeme ya lita 6, raisi kuka, jiko la indaksheni la sahani moja, jagi la umeme na blenda. Vyote siwezi. Dada yangu aliyeko Houston amesema blenda atanitumia yeye, anayo nzuri haitumii.

Shida kubwa ni hii: Luku tunachangia kaya tatu, na mwenye nyumba amekataza majiko ya umeme. Nianze na kipi, na nitamwelezaje?

MamaPacha

Dada Neema, pole na hongera kwa kumfikiria jirani. Kama kinachokurudisha kwenye mkaa ni maharage na makande, basi jibu umeshalitoa mwenyewe. Presha kuka. Vingine vyote ulivyotaja havitakuondolea lile jiko la mkaa kibarazani.

Nakupa vipimo vya jikoni kwangu, si vya kwenye boksi. Nilikuwa na jiko la koili la wati 1,000. Maharage nusu kilo, hayakulowekwa, yalikaa motoni saa mbili na nusu. Nilisoma Luku kabla na baada, kila kitu kingine nimezima: zilikwenda uniti 2 na kitu. Presha kuka yangu nayo imeandikwa wati 1,000, maharage yaleyale, kiasi kilekile: uniti 0.4. Tarifa ya kawaida, elfu kumi unapata uniti 28 hivi ukiondoa siku inayokatwa kodi ya jengo. Kwa hiyo sufuria moja ya maharage ilikuwa inanila zaidi ya 700, sasa ni 150 haifiki.

Wengi wanashangaa, wati ni zilezile, mbona umeme hautoshani? Ni kwa sababu presha kuka inavuta umeme kwa nguvu dakika kama 20 za mwanzo, mpaka presha ijae. Baada ya hapo inazima, inashtuka kidogo kidogo tu kurudisha joto lililopotea. Ina ukuta wa pili na imefunikwa, joto halina pa kukimbilia. Koili inapasha sufuria, inapasha kuta, inakupasha na wewe.

Mambo mawili uyashike. Maharage usijaze kupita nusu ya sufuria ya ndani, yanatoa povu na povu linaziba tundu la mvuke. Na usilazimishe mfuniko hata kama wageni wako mlangoni. Subiri kile kipini kidogo cha juu ya mfuniko kishuke chenyewe.

Fundi_Temeke

Dada Neema, mimi nafunga umeme majumbani. Kabla hujatoa hela dukani, angalia soketi yako.

Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13. Kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni kama wati 3,000, ndiyo mwisho wake. Jiko la indaksheni la wati 2,000 ukilichomeka ekstensheni moja na jagi la wati 2,000, umeshafika wati 4,000, ampea zaidi ya 17. Fyuzi ikiwa halisi itakatika, na hiyo ni heri. Nyingi ninazokuta kwenye ekstensheni za mtaani ni kipande cha waya kimewekwa badala ya fyuzi. Hapo kinachoungua ni waya, kisha godoro, kisha nyumba. Nimeshaitwa kwenye nyumba za namna hiyo asubuhi yake, sitaki kuitwa kwako.

Nyumba nyingi za kupanga mtu ameongeza soketi kwa kuvuta waya wa taa, ule wa milimita za mraba 1.5. Soketi ya jikoni inataka 2.5 na waya wa ethi uliofika ardhini kweli. Shika plagi baada ya dakika kumi za kupika: ikiwa ya moto, acha, muite fundi. Presha kuka ya wati 1,000 inavuta ampea nne na ushee, soketi nyingi zinaihimili. Hii ndiyo sababu yangu ya kuungana na MamaPacha.

Sasa blenda ya Houston. Mwambie dada asitume. Marekani wanatumia volti 120. Ukiichomeka hapa utasikia mlio mmoja wa kasi na harufu ya mota, imekwisha. Vivyo hivyo raisi kuka za mtumba kutoka Japani, kwao ni volti 100. Kuna watu wanauziwa pamoja na transfoma ya kushusha umeme, ila transfoma ya kuhimili mota ya blenda ni nzito na bei yake unapata blenda mpya hapahapa. Pindua kifaa, soma kibandiko. Kikisema 220–240V, 50Hz, ni cha kwetu.

Baraka_Mbezi

Wakuu, naona indaksheni inasahaulika. Mimi nimepikia mwaka mzima na sirudi nyuma. Chai dakika chache, mayai, mboga, ugali, chapati, vyote juu ya sahani moja. Presha kuka inajua kuchemsha tu. Jiko lenyewe halina moto, joto linazaliwa kwenye sufuria, ndiyo maana umeme haupotei. Na ukiondoa sufuria linajizima.

MamaPacha

Kaka Baraka, unasema kweli, lakini mwambie pia kuhusu sufuria. Sufuria zetu hizi za alumini, zote alizonazo dada Neema nakisia, indaksheni haizioni. Chungu nacho hakioni. Itabidi anunue sufuria za chuma upya, na laki tatu itaishia hapo.

Baraka_Mbezi

Hilo ni sahihi, nakubali. Kipimo chake ni rahisi: nenda na sumaku dukani, ikinata chini ya sufuria itafanya kazi. Kikaango cha chuma cha chapati kinafanya kazi vizuri sana. Mimi nilianza na sufuria mbili tu. Lingine la kumweleza ukweli, jioni umeme ukiwa mdogo jiko langu linaandika alama ya kosa na kukataa, wakati raisi kuka ya jirani inaendelea taratibu.

BintiMkunazini

Assalaam alaykum. Dada Neema, miye niko Unguja na kwetu wali wa nazi hauna siku, kwa hiyo nizungumzie raisi kuka na blenda.

Raisi kuka ni rahisi na haina ugomvi na umeme, lakini ijue inavyofikiri. Chini yake kuna sumaku inayoshika maadamu chini ya sufuria joto halijapita sana kiwango cha maji kuchemka. Maji yakikauka joto linapanda, sumaku inaachia, kitufe kinaruka. Sasa ukitia tui zito tangu mwanzo, mafuta na machicha laini yanashuka chini, yanaungua, joto linapanda mapema na kitufe kinaruka na wali mbichi. Watu wanasema mashine mbovu, kumbe ni tui. Tia tui jepesi na chumvi, wali ukaribie kukauka ndipo ulimwagie tui zito, ugeuze mara moja, ufunike. Utakuwa kama wa mkaa, unakosa ukoko tu.

Hata hivyo, kama presha kuka unayo, wali inapika pia. Miye nisingenunua vyote viwili kwa mpigo.

Blenda ndiyo nitakayoisemea. Wenye watoto wadogo tunajua mbuzi ya nazi inavyochukua muda. Kata nazi vipande vidogo, tia maji ya vuguvugu, saga, pumzisha mota, saga tena, kisha chuja. Hapo kifumbu bado kina kazi yake, chujio la waya linapitisha machicha. Ila usisage nazi ya nusu dakika ukaendelea dakika tano bila kupumzika, mota nyingi hufia hapo. Na usitazame namba ya wati kwenye boksi, nimeziona zimeandikwa namba kubwa na mota nyepesi mkononi. Tazama kile kipande chenye meno kinachoshika jagi chini: kikiwa cha plastiki laini kitakatika mapema. Muulize muuzaji kama jagi na kile kipande vinauzwa peke yake. Akisita, nenda duka la pili.

Kikombe cha kusagia viungo vikavu nacho kitazame. Bizari nzima, mdalasini na pilipili manga vikisagwa nyumbani, pilau inasikika mtaa wa pili.

Mdau_Uyole

Niongezee kutoka Mbeya. Huku tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Makande ya mkaa huku ni kazi ya asubuhi hadi alasiri. Ndani ya presha kuka joto linapanda mpaka karibu nyuzi 115 ukiwa Dar, na huku Mbeya linapungua nyuzi chache tu. Makande niliyoloweka usiku naweka dakika 45 za presha. Kwa walio milimani hicho kifaa ni zaidi ya anasa.

Wanjiku_Umoja

Hata huku Nairobi ni hivyo, githeri, yaani makande, ilinifanya ninunue yangu. Niliogopa token za stima zitaisha haraka, haikuwa hivyo. Kilichonikera ni ugali: sufuria ya ndani inazunguka ukisonga, haishikiki. Ugali wacha kwa gesi.

Neema_Kimara

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Kumbe gesi nibaki nayo kwa ugali, chai na mboga. Dada wa Houston nimeshampigia, nashukuru fundi umeniwahi, alikuwa anafunga mzigo. Soketi ya ukutani imevutwa kutoka kwenye taa, nimeangalia leo. Sasa bado mwenye nyumba.

Fundi_Temeke

Hiyo soketi usiitumie. Kuvuta laini mpya ya 2.5 kutoka kwenye ubao wa umeme mpaka chumbani kwako si kazi ya siku nzima, tenga hela yake ndani ya hiyo laki tatu hata kama blenda itasubiri. Mwambie mwenye nyumba gharama ni yako na laini inabaki kwake. Akisikia unaboresha nyumba yake atakusikiliza tofauti.

Kuhusu kuchangia, dawa ni mita ndogo ya kupima matumizi ya kila chumba. Inafungwa baada ya Luku, kila mtu anaona zake. Nyumba nyingi za wapangaji zimeachana na ugomvi kwa njia hiyo.

MamaPacha

Na mweleze kwamba alichokataza kina sababu, usimbishie. Jiko la koili na hita ya maji kweli vinakula Luku ya wenzako. Hata jagi, ukichemsha lita nzima ni uniti 0.1 tu, ila watu wanalijaza mpaka juu kwa kikombe kimoja cha chai, mara tano kwa siku. Usibishane kwa maneno. Mpikie maharage mbele yake, Luku ikiwa wazi.

Neema_Kimara

Wapendwa, nimerudi baada ya wiki tatu, niliahidi moyoni nitaleta majibu.

Nilinunua presha kuka ya lita 6 yenye alama ya TBS. Iliyobaki ilikwenda kwa fundi na waya. Jumapili nikawaomba majirani wote wazime kila kitu, nikamwita mwenye nyumba, tukaandika namba ya Luku kwenye karatasi. Maharage nusu kilo na kidogo. Yalipoiva tukasoma tena: uniti 0.42. Mzee alikaa kimya, akaomba tusome mara ya pili. Akasema hii ruhusa, jiko la koili hapana. Tumekubaliana naongeza elfu tano kila mwezi kwenye mchango wa Luku, nikipika kila siku bado inatosha. Mita ndogo tunaizungumzia.

Jiko la mkaa nimempa shemeji wa shamba. Mama wa mtoto mchanga ameniomba nimwelekeze duka.

Swali moja la mwisho. Nilipika samaki, sasa mpira wa mfuniko unanuka hata nikipika wali. Nifanye nini?

MamaPacha

Alhamdulillah, nimefurahi mno. Mpira uvute utoke wote, uoshe, kisha weka maji na maganda ya ndimu ndani, washa dakika tano za presha mpira ukiwa mahali pake. Uanike nje ya mfuniko, usiufunge ukiwa na majimaji. Halafu tafuta wa pili wa saizi hiyohiyo, mmoja uwe wa samaki na nyama, mwingine wa wali. Nenda na wa zamani dukani upime, lita 5 na lita 6 zinafanana kwa macho.