Mjadala: Je, Mkristo aliyeacha kuamini bado ameokoka?

Mleta mada, Ujiji

Bwana asifiwe, na kwa wenzetu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Naleta hapa swali lililotushinda msibani juma lililopita. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyehubiri sokoni Mwanga na kubatiza watu ziwani kwa miaka mingi, alifariki akiwa amekwisha kusema waziwazi, bila ulevi wala ugomvi na mtu, kwamba haamini tena. Wapo waliosema amelala katika Bwana kwa kuwa wokovu haupotei, na wapo waliokataa hata kumwimbia.

Mimi nasimama na wanaosema kwamba wokovu hupotea, ingawa si kwa sababu ya Waebrania 6, andiko ambalo kila mtu hulikimbilia. Linasema kwamba walioonja kipawa cha mbinguni kisha wakaanguka haiwezekani kuwafanya upya hata wakatubu. Na sisi tunaolitumia ndio hao hao tunaowaita waliorudi nyuma wapite mbele kila Jumapili! Kinachonishawishi ni udhaifu wa jibu la upande wa pili. Wao husoma 1 Yohana 2:19, "Walitoka kwetu, lakini hawakuwa wa kwetu," wakahitimisha kwamba aliyeacha imani hakuwahi kuokoka. Kama mzee yule, pamoja na machozi na mifungo yake yote, hakuwahi kuokoka, mimi ninayeamini leo nitajuaje kwamba nimeokoka? Fundisho lililokusudiwa kutupa uhakika ndilo linalotunyang'anya.

Mchangiaji, Kasulu

Ndugu yangu wa Ujiji, pole kwa msiba. Sinodi ya Dort, mkutano wa makanisa ya Kiprotestanti uliofanyika Uholanzi mwaka 1618 hadi 1619, iliyowajibu wafuasi wa mwanateolojia Arminius waliosema kwamba muumini wa kweli aweza kuanguka kabisa, haikusema kwamba mtu huokolewa bila imani. Ilisema kwamba Mungu huilinda imani yenyewe isizimike kabisa, ikawataja Daudi na Petro kuwa watakatifu walioanguka vibaya. Tazama Luka 22:32: "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike," yaani isiishe. Petro alimkana Bwana mara tatu, akilaani na kuapa, na bado imani haikutindika. Uhakika wangu, basi, hautokani na kupima machozi yangu kwa machozi ya mzee. Unatokana na maombi ya Kristo.

Mchangiaji, Tabora

Kwetu Wakatoliki jambo hili lilikwisha kuamuliwa. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wetu, ulifundisha mwaka 1547 kwamba neema hupotea si kwa kuacha imani tu, bali kwa dhambi yoyote ya mauti, hata imani ikibaki. Mlango wa kurudi ni kitubio.

Mleta mada, Ujiji

Nashukuru. Ndugu wa Kasulu, neno "isitindike" nalipokea, lakini Petro alilia usiku ule ule. Mzee wetu hakulia. Nilikaa naye barazani siku chache kabla hajafariki, akanieleza kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesimulia safari iliyokwisha. Nikikufuata wewe, sina budi kusema ama Kristo hakumwombea, ama imani ilibaki ndani yake bila yeye mwenyewe kujua. La kwanza siwezi kulitamka mbele ya mjane wake. La pili, ukiweza kulitetea kwa andiko, nitalisoma.