Wallada wa Cordoba: mashairi machache, jina kubwa

Mwalimu wa Mbale
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nafundisha fasihi ya Kiswahili katika shule ya sekondari, na juma lililopita, tulipokuwa tukisoma utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, mwanafunzi mmoja aliniuliza kama Waarabu wa kale nao walikuwa na washairi wanawake. Nikamtajia Wallada, binti wa khalifa al-Mustakfi wa Cordoba, katika Hispania ya leo. Wallada alifariki mwaka 1091. Alipotaka kuiona diwani yake ilinibidi nimweleze kwamba yaliyobaki ni mashairi 9 tu, tena mafupi. Imekuwaje jina lidumu zaidi ya miaka 900 ilhali kazi yenyewe haijazi hata daftari?

Mjukuu wa Bombo
Wa alaykum salaam, Mwalimu. Kwa maoni yangu, jina lake limebebwa na mwanamume. Mshairi Ibn Zaydun alimpenda, wakaachana, naye akamtungia kasida ndefu ya kutengana ambayo kila beti yake inaishia kwa kina cha «na», na ambayo wapenzi wa ushairi wa Kiarabu wanaighani hadi leo. Anayeihifadhi kasida hiyo hana budi kuuliza aliyetungiwa ni nani. Baadaye wakaja wakusanyaji wa tungo, Ibn Bassam katika karne ya 12 na al-Maqqari katika karne ya 17, wakamwandika.

Msomaji wa Kampala
Ndugu yangu, hapo nakubali nusu. Wanawake wangapi wameliliwa na washairi, wakabaki vivuli tu ndani ya beti za wenzao? Wallada alijibu. Inasimuliwa kwamba alitarizi beti zake kwa dhahabu kwenye vazi lake: upande mmoja aliapa kwamba anastahiki utukufu na kwamba hutembea kwa maringo yake, na upande wa pili akasema kuwa busu lake humpa anayelitamani. Huyo ni binti wa khalifa, ambaye hakuolewa kamwe, na ambaye nyumbani kwake washairi walikusanyika barazani kushindana kwa tungo. Na Ibn Zaydun alipomwelekea kijakazi wa Wallada, Wallada alimwambia kwamba ameliacha tawi lenye matunda akashika lisilozaa. Kwamba anajua fika kuwa yeye Wallada ndiye mwezi wa mbinguni, lakini ameamua kuhangaika na Mushtarii, ile sayari ya Jupita. Beti kama hiyo haihitaji kubebwa na mtu. (Kejeli zake nyingine kwa bwana huyo ni chafu, sizirudii hapa.)

Mjukuu wa Bombo
Hilo la Mushtarii limenishinda, nakiri. Hata hivyo, bila wakusanyaji usingelisoma.

Mwalimu wa Mbale
Nawashukuru nyote. Nitaiweka beti ya mwezi kando ya Mwana Kupona anayemuusia bintiye namna ya kukaa na mume, ili wanafunzi wawasikie wanawake hao wawili katika kipindi kimoja. Ile ya busu nitaiacha kwanza. Wazazi wa hapa nawajua.