Pauni 200 za kandarasi au 160 za mshahara?

Ami, shikamoo. Natumai nyote hapo Langoni hamjambo. Kampuni mbili zanitaka hapa Leicester, Uingereza. Moja yaniajiri kabisa, pauni 160 kwa siku. Ya pili yataka niwe mkandarasi mdogo wake, kazi ile ile ya milango na ngazi, pauni 200 kwa siku. Wenzangu wasema nikichukua 160 nimejipunja. Wewe umefanya useremala huku miaka mingi kabla ya kurudi Lamu. Wanishaurije?

*

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima. Kusi imeshika, nyumba nyingi za wageni Shela zimefungwa, na mafundi wengi wako barazani. Fundi wa mapatano hapa akimaliza mlango wa mbambakofi hushika pesa nzuri kuliko mwenzake wa mshahara pale kiwandani. Lakini ufikapo mwezi wa tano, ni yeye akaaye bila kitu. Huko kwenu msimu ni mwingine, hesabu ni hiyo hiyo: siku isiyo na kazi yalipwa na nani?

Chukua kalamu. Mwaka una siku 260 za kazi ukitoa Jumamosi na Jumapili. Mwajiriwa wa siku tano kwa wiki ana haki ya siku 28 za likizo yenye malipo, sikukuu za serikali zaweza kuhesabiwa humo. Kwa hiyo 160 mara 260 ni pauni 41,600, na humo umepumzika. Mkandarasi akipumzika siku hizo hizo 28 halipwi, zabaki 232, nazo mara 200 ni 46,400. Sasa toa siku 20 za mafua, za mvua, na za kungoja kazi mpya ianze. Umefika 42,400. Bado hujanunua bima, hujatia mafuta garini, hujanoa wala kubadilisha msumeno, hujamlipa mhasibu. Na mwajiri hukuwekea pensheni, angalau asilimia 3 ya sehemu ya mshahara wako, ambayo mkandarasi haioni. Ziko wapi zile 40 za ziada?

Kodi nayo uielewe kabla hujaanza. Mkandarasi mdogo wa ujenzi aliyejiandikisha HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya huko, kwenye mpango wao wa kodi ya ujenzi hukatwa asilimia 20 ya malipo ya kazi, asiyejiandikisha hukatwa 30. Vifaa ulivyonunua mwenyewe kwa kazi hiyo havikatwi, kwa hiyo viandike mbali kwenye ankara. Hiyo ni kodi ya mbele tu. Hesabu kamili waipeleka mwenyewe kwa mtandao kabla ya tarehe 31 Januari, na ukiweka risiti zako vizuri waweza kurudishiwa kitu. Jiandikishe kabla ya siku ya kwanza ya kazi.

Lakini linaloniuma zaidi ni jambo ambalo hukulitaja. Hiyo kampuni ya pili, ni nani atakayekupangia saa ya kufika? Vyombo vya nani? Waweza kumtuma fundi mwingine badala yako? Waweza kukataa kazi ya wiki ijayo ukaenda kwa mteja mwingine? Kama ni wao wanaoamuru yote hayo, basi wewe ni mwajiriwa wao aliyevuliwa likizo na ulinzi, akaitwa mkandarasi. Nimewaona vijana wetu wakikaa hivyo miaka, bosi mmoja, geti moja, na siku walipoumia mkono hakuna aliyewajua. Sheria ya huko hutazama kazi ifanywavyo, si jina lililo kwenye karatasi, na mtu aweza kudai haki zake mbele ya baraza la kazi. Ila kesi huchosha. Heri kuuliza sasa.

Kwangu mimi kandarasi ni nzuri kwa fundi mwenye wateja wawili watatu wake mwenyewe, akiba ya miezi mitatu, na uhuru wa kutaja bei. Huyo asiombe 200, aombe zaidi. Wewe ndiyo kwanza waanza kujulikana, na mkeo yuko njiani kuja. Chukua ajira.

*

Kaka, na mimi niongeze, kwa kuwa hesabu za watu ndiyo kazi yangu hapa Birmingham. Kabla ya yote tazama kibali chako. Ikiwa umeingia kwa kibali cha kudhaminiwa na mwajiri, kujiajiri kwa kandarasi huenda kukavunja masharti yake, na hapo hakuna hesabu ya 160 wala 200. Pili, mkifikiria mkopo wa nyumba, benki nyingi humtaka aliyejiajiri alete hesabu za miaka miwili, ilhali mwajiriwa mara nyingi huombwa hati za mshahara za miezi michache.

Ami amesema kweli kuhusu maswali yale. Waandikie kampuni ya pili kwa barua pepe, si kwa simu, wajibu kwa maandishi. Kisha niletee majibu na ile mikataba yote miwili kabla hujatia saini, nitaisoma Jumapili.